Sauti Zilizokuwa Zikikatikia Mlangoni

Vijana wa siku hizi mna raha moja ambayo sisi hatukuwa nayo: mkiharibu kitu mnasema ni mtandao, na mteja anakubali. Wakati wangu mtandao wenyewe tulikuwa ni sisi, watu wachache ghorofa ya pili mjini Moshi, na feni iliyokuwa inazungusha joto lile lile. Mteja akipanda ngazi kuja kulalamika hapakuwa na wa kumsingizia. Ikabidi tutafute ukweli, kazi inayochosha sana na isiyompandisha mtu cheo.

Naitwa Gaudensia. Nimestaafu, niko Marangu kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, ambacho kaka zangu waliniachia kwa sababu wote wanapenda kukisifia wakiwa Dar. Nahangaika na migomba, kahawa na ng'ombe mmoja mwenye dharau. Nyie watoto wa kaka zangu mnaosomea kompyuta mmeniuliza mara nyingi, "Shangazi, hasa hasa ulikuwa unafanya nini kule mjini?" Nikijibu kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupunguza muda unaopotea kuweka na kurudisha rejista, mnaangaliana kama nimesema nilikuwa nauza upepo. Basi leo nitaeleza vizuri, na atakayesinzia atakwenda kukata majani ya ng'ombe.

Kampuni yetu ilikuwa na kompyuta moja kubwa, seva. Ndani yake tulitengeneza kompyuta nyingine za kufikirika, zinaitwa mashine pepe, tukawakodishia watu. Chama cha wauza maziwa kilikuwa na yake, ya kupokea vipimo kutoka kwenye mizani. Kampuni ya kupandisha watalii mlimani ilikuwa na yake, ya kuendesha simu zote za ofisi. Kila mteja aliamini ana kompyuta yake peke yake. Hakuwa nayo. Alikuwa mpangaji wa chumba, na kuta za chumba chenyewe zilikuwa ni maandishi yetu ya programu.

Sasa kumbukeni jiko la bibi yenu Desemba, wana wote wakishapanda kutoka mijini na wake zao. Jiko moja, mafiga matatu, na kila mke anataka kuwapikia watu wake kwa mkono wake. Mmoja ana machalari motoni, ndizi na nyama. Mwingine zamu yake inafika, anataka kuchemsha maziwa tu ya mtoto, dakika mbili. Badala ya kusogeza sufuria moja, anaondoa kila kitu cha mwenzake: sufuria, mwiko, kinu, chumvi, mpaka kitambaa cha kushikia. Anapanga vya kwake vyote, anachemsha maziwa, anaondoa vyote, mwenzake anarudisha vyake vyote. Nyama ya Krismasi mnaikuta bado ngumu na baba yenu mdogo ameshalewa.

Prosesa, ile sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu, ndiyo jiko. Rejista ni vile vilivyoko jikoni sasa hivi, yaani vijisehemu vidogo ambamo prosesa inashikilia namba inazofanyia kazi. Mashine pepe ikiwa inapika halafu seva yenyewe ikahitaji kuingia, hata kwa jambo dogo, rejista zote za mashine pepe zinawekwa pembeni na za seva zinarudishwa. Ikimaliza, kinyume chake. Nyingine ni ndogo, ni vijiko. Lakini kuna zile pana za hesabu nzito za sauti na picha, hizo ni masufuria ya sherehe, na kuzibeba kila mara ndiko kunakokula muda. Kazi yangu ilikuwa kuuliza swali ambalo mama alikuwa anawauliza wake wa kaka zangu kila Desemba: kwani unaondoa sufuria hii ya nini, ikiwa hukusudii kuigusa?

Aliyenifundisha kuuliza hivyo kazini ni Mzee Salimu. Alikuwa mtu wa mjini Moshi hasa, wa familia yenye baba wa huku na bibi wa kule, na kabla ya kompyuta alitengeneza redio. Aliajiriwa kwetu kufunga nyaya, akaishia kutufundisha sote. Siku yangu ya kwanza niliingia na vyeti vyangu, nikamsalimia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa kikombe cha kahawa yenye tangawizi na kuniambia nisiguse chochote mpaka jioni.

"Nifanye nini sasa, mzee?"

"Tazama. Binti, huwezi kumpa mtu dawa na hujamshika hata paji la uso."

Nilitazama mpaka macho yakauma. Alikuwa na tabia ya kukaa mbele ya mashine inayosumbua akiwa amekunja mikono, huku sisi tukiwa tumeshaizima na kuiwasha mara kadhaa na kuanza kulaumu umeme. Alikuwa wa mwisho kusema na mara nyingi alikuwa amekosea, lakini akikosea alijua amekosea wapi. Hicho ndicho nilichokichukua kwake. Mungu amrehemu, nampenda mpaka leo.

Meneja wetu, Bwana Deo, alikuwa kinyume chake. Deo alikuwa anasema kwanza. Alikuwa mtu mzuri, mkarimu, mwimbaji wa kwaya, na hakuna tatizo aliloletewa ambalo hakuliundia kamati.

Tatizo lililotushika lilianza na dada mmoja anaitwa Ndeshi. Ndeshi alikuwa mpokea simu wa ile kampuni ya mlimani. Kazi yake ilikuwa kukaa mapokezi, kuongea na waongoza watalii walioko juu, na kupanga gari, chakula, au machela ikibidi. Alizijua sauti zao zote. Alikuwa anajua yupi akisema "kuna shida kidogo" ana maana ya soksi zilizolowa na yupi ana maana mtu amezimia.

Basi msimu mkubwa ulipofika, simu zikaanza kukatika. Si kukatika moja kwa moja. Sauti ilikuwa inatafunwa. Mtu wa juu anaanza kueleza, katikati panakuwa na mikwaruzo, mwisho wa sentensi haupo. Ndeshi anamrudia, anakuta amezima simu kuokoa chaji. Mgeni mmoja alisubiri gari getini mpaka akapata mafua. Mkurugenzi wa kampuni ile, ambaye hakuwahi kupokea simu ya mlimani hata moja, akaamua kwamba Ndeshi hasikilizi. Akamwambia mbele ya wenzake kwamba akifika mwisho wa mwezi na malalamiko bado yapo, atafute kazi nyingine.

Ndeshi alipanda ngazi zetu mwenyewe. Alisimama mlangoni na mkoba kifuani.

"Shikamoo dada Gau. Naomba uniambie ukweli. Masikio yangu ni mabovu, au mashine yenu ndiyo mbovu?"

"Marahaba. Sijui bado."

"Mimi nasomesha wadogo zangu. Ukijua, niambie mapema, nisije nikawa naomba msamaha kwa kosa lisilo langu."

Nilimwambia nitamjibu. Niliona aibu, kwa sababu moyoni nilishajua masikio yake hayana shida.

Bwana Deo aliunda kamati. Kikao cha kwanza kilikubaliana kwamba sababu ni mawingu. Kikao cha pili kilikuwa na supu, kikakubaliana kwamba mawingu yasingeweza kuwa peke yake. Akaletwa mtaalamu kutoka Dar, kijana mwenye viatu vyeupe ambavyo vumbi letu lilivimaliza kabla ya chai. Alitazama seva kwa muda wa kupiga picha nayo, akashauri tununue seva nyingine kubwa zaidi, ambayo kwa bahati nzuri alikuwa anaiuza yeye. Mjumbe mmoja akapendekeza chumba kibarikiwe. Katekista akaja na maji ya baraka, na Mzee Salimu, Mwislamu pekee chumbani, ndiye aliyemsihi kwa heshima anyunyizie ukutani tu, asielekeze kwenye umeme.

Mimi na mzee tukafanya kazi ya kijinga: tukapima. Tukaiwekea ile mashine pepe ya simu kipimo cha kuonyesha inasimamishwa mara ngapi na kila kusimamishwa kunakula kiasi gani. Jibu lilitoka asubuhi moja nikiwa natafuna kiporo. Sauti ikisafiri kwenye kompyuta hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kikifika kinabisha hodi. Kila hodi, mashine pepe inasimama, rejista zote zinaondolewa, pamoja na zile pana, seva inapokea kipande, rejista zote zinarudishwa. Simu chache, hakuna neno. Simu za msimu mzima kwa pamoja, jiko linashinda linahamisha masufuria na hakuna kinachopikwa. Maneno ya watu yalikuwa yanafia mlangoni.

Mzee Salimu alisoma zile namba, akakunja mikono.

"Na huyu seva anapoingia kupokea hodi, anazigusa zile rejista pana?"

"Hapana mzee. Hazigusi kabisa."

"Sasa anazibeba za nini?"

"Ndivyo ilivyoandikwa tangu mwanzo."

Akacheka mpaka akaondoa miwani. Ikawa mwisho wa utafiti.

Tulianza taratibu. Tuliipa mashine ya simu prosesa yake peke yake, sehemu ya seva ambayo mwingine haingii, halafu nikarekebisha maandishi ili seva ikiingia kupokea hodi iziache zile rejista pana hapo hapo zilipo. Tena tukafanya hodi zikusanywe, vipande kadhaa vibishe kwa pamoja. Kwenye majaribio sauti ikatulia. Nikamwomba Bwana Deo aniachie muda, kwa sababu njia ile ilikuwa salama kwa jiko lenye mpishi mmoja tu. Wakiwa wawili, ni lazima ujue ni sufuria ya nani imebaki motoni.

Deo alisikia neno moja tu, "sauti imetulia". Kesho yake wageni walikuwa wanakuja kutoka makao makuu. Akamwamuru fundi wa zamu aweke marekebisho yangu kwenye seva yote na kurudisha prosesa kuwa za wote, ili aonyeshe kwamba kila kitu kinakwenda kasi. Mimi nilikuwa Kahe kwenye msiba wa jirani. Simu yangu haikuwa na chaji, na kwa mara ya kwanza nililishukuru shirika la umeme, kwa sababu nilizika kwa amani.

Niliporudi nilikuta Moshi nzima inamzungumzia ng'ombe.

Ilikuwa hivi. Namba za sauti ziliachwa ndani ya zile rejista pana, halafu mashine ya chama cha maziwa ikapewa zamu kwenye prosesa ile ile, ikazikuta, ikadhani ni zake. Mzee mmoja wa kule juu, mwenye ng'ombe mmoja mzee kama yeye, alileta maziwa ya kujaza kidumu. Mashine ikaandika kiasi cha kujaza bwawa. Mtu mwenye akili angesema mashine imekosea. Lakini mashine ilikuwa mpya na mzee alikuwa wa zamani, kwa hiyo wakaiamini mashine. Mwenyekiti wa chama akatoa hotuba. Maofisa mifugo wakapanda na gari kwenda kumtazama yule ng'ombe, wakamkuta anacheua, wakampima kwato na mgongo, wakamuuliza mwenye mali siri ya malisho.

"Nampa majani ya migomba," mzee alisema. "Ila kama mnataka kuongeza pumba, sikatai."

Wakampa pumba, magunia mawili. Mpaka leo hajui ni kwa nini, na ng'ombe vilevile. Mimi nawaambia nyie, katika kazi yangu yote, huyo ndiye mtu pekee aliyefaidika na kosa la kompyuta.

Lakini sikucheka siku ile. Kama namba za simu zinaweza kuingia kwenye maziwa, basi na siri za mteja mmoja zinaweza kusomwa na mwingine, na hilo si la kuchekea. Tulirudisha kila kitu kama zamani, sauti zikaanza kutafunwa upya, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Ndeshi alinipigia.

"Dada Gau, jana ilikuwa nzuri kabisa. Leo imerudi. Mnacheza na mimi?"

"Nipe siku chache."

"Mimi ninazo chache tu."

Nilifanya kile ambacho kingefanywa mwanzo kama tungeachwa. Nikaandika kwamba seva ikiingia mlangoni kwa hodi na kutoka, isiguse rejista pana. Lakini jiko linapotoka kwa mpishi mmoja kwenda kwa mpishi mwingine, hapo zote za wa kwanza ziwekwe na zote za wa pili zirudishwe, bila kusahau hata kijiko. Na ikiwa seva yenyewe inazihitaji kwa hesabu zake, izihifadhi kwanza. Siku hizi mnakuta mambo haya yamo tayari kwenye programu mnazozipakua, mnabonyeza na kuendelea. Mimi niliyafanya kwa mkono, Mzee Salimu akiwa amekaa nyuma yangu akinung'unika kila nilipofanya haraka. Wanangu, hicho ndicho cha kushika: usiulize tu unaweza kuacha kubeba nini. Uliza ni nani anayeingia baada yako.

Tuliijaribu kwa kuchanganya simu na maziwa kwa makusudi kutwa nzima. Maziwa yakabaki maziwa. Tukaiweka. Jioni Ndeshi alipiga, akaisogeza simu yake kwenye ile ya ofisi ili nimsikie mwongoza watalii aliyekuwa juu kabisa, upepo unavuma, anaomba nyanya na vitunguu vya kesho. Nilisikia kila kitunguu. Halafu Ndeshi akasema, "Aika mae," yaani asante mama, na mimi nikalia kidogo kwenye karatasi za kamati.

Mwisho wa mwezi ulipita, malalamiko hayakuwepo. Bwana Deo aliitisha sherehe, akaishukuru kamati, mtaalamu wa Dar na mvua zilizosafisha anga. Sikujali. Nilikuwa nimempa dada mmoja kazi yake.

Ningependa kuishia hapo, lakini ningekuwa nawadanganya.

Deo alikuja mezani kwangu akiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu. "Gaudensia, naona seva sasa ina nafasi kubwa imekaa bure."

Ilikuwa kweli. Muda wote uliokuwa unaliwa na kuhamisha masufuria ulikuwa umebaki. Nilimweleza kwa fahari, mpaka kiasi chake. Yeye akaenda na kiasi hicho moja kwa moja kwa mkurugenzi wa kampuni ya mlimani, akamuuzia mashine pepe nyingine, ya kupokea simu yenyewe. Mpigaji anakaribishwa, anabonyeza moja kwa gari, mbili kwa chakula, tatu kwa dharura, anasubiri. Haina mshahara, haiendi likizo, na kwa sababu nilikuwa nimetengeneza mlango vizuri, ilisikika safi kabisa. Mkurugenzi aliyetaka kumfukuza Ndeshi kwa sababu simu ni mbovu sasa alimwondoa kwa sababu simu ni nzuri. Kabla hajaondoka walimwomba arekodi maneno machache ya kukaribisha wateja, maana wateja wameizoea sauti yake. Alidhani ni ya salamu za sikukuu.

Nilikwenda kwa Deo nikamwambia amefanya nini. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Sasa wewe hiyo nafasi uliiokoa ya nini?" Hilo swali limenifuata mpaka kwenye hii migomba.

Ndeshi yuko njia panda ya Himo, anauza ndizi na parachichi kwa wasafiri, na wadogo zake wanasoma bado, kwa taabu. Nilipita kwake juzi. Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa namsaidia kupanga mafungu, simu yake ikaita. Ilikuwa ni mwongoza watalii, yuko juu. Hawajaacha kumpigia, hata mmoja wao, maana huwezi kuitafuta namba tatu na glavu mkononi na mtu anatapika mbele yako.

"Dada Ndeshi, kuna shida kidogo."

Ndeshi akaweka chini fungu la ndizi. "Ni nani? Anatembea au amebebwa?"

Mpagazi, kichwa kinampasuka, wanamshusha. Ndeshi akampigia dereva anayemjua, akamwambia awahi getini na blanketi. Halafu ikabidi ofisi iarifiwe, geti lifunguliwe na mtu wa zahanati aitwe. Akapiga namba ya ofisi, akaiweka simu juu ya ndizi, sauti ikiwa nje ili mikono yake iwe huru. Yule mpagazi alifika salama na alipona, nisiwaache na wasiwasi.

Simu ikapokelewa hapo hapo. "Karibu sana," ikasema sauti ya Ndeshi, laini, kila neno limekamilika mpaka mwisho. "Simu yako ni muhimu kwetu. Tafadhali subiri."

Ndeshi akabonyeza tatu. "Tafadhali subiri," sauti yake ile ile ikamwambia tena. Akasubiri amekunja mikono, malori yanapita, mimi nikitazama chini.

"Naongea vizuri, dada Gau," aliniambia, akiionyesha simu kwa kidevu. "Ila sisikii."